Nusu ya Vyangu

Mzee Šime Dražić alingoja mkwewe aende gereji kuleta chupa nyingine ya divai, ndipo akalitoa jambo alilokuwa amelibana moyoni tangu supu ilipofika mezani.

"Neda, mumeo itabidi asaini."

Neda alikuwa akikusanya sahani zenye miiba ya dagaa wa kuchoma. Alisimama nazo mkononi. "Asaini nini, Baba?"

"Makubaliano ya mali. Kwamba siku mkiachana, Mungu apishe mbali, hatadai kitu chochote cha familia. Si meli, si kiwanda, si mgawo wetu wa kuvua jodari, si nyumba mnayokaa."

"Tuachane? Nina miaka kumi na tisa na Murray."

"Ndiyo maana nimesema Mungu apishe mbali."

Damir, kaka yake, aliyekuja kwa ndege asubuhi ile kutoka Adelaide, alijifuta midomo taratibu kwa leso. "Usilichukulie vibaya, dada. Wenye mali wote wanafanya hivyo siku hizi. Mke wangu mimi alisaini hata kabla hajachagua gauni la harusi."

"Akanuna," alisema mama yao, Tonka, kutoka kwenye jiko.

"Alinuna, Mama, lakini alisaini."

Mzee Šime aliweka kiganja kifuani, pale alipopandikizwa kile kifaa cha kuusukuma moyo. "Nataka kupanga mambo nikiwa hai, mwanangu, si mje mng'ang'aniane juu ya jeneza langu. Neno langu ni lile lile. Nusu kwa nusu, wewe na kaka yako. Nitakuachia nusu ya vyangu. Lakini siwezi kukupa jasho langu leo, halafu kesho hakimu wa Adelaide amkatie pande mwalimu wa useremala."

"Ana jina, Baba."

"Najua ana jina. Namlisha kila Jumapili kwa jina hilo hilo."

Mlango ukafunguliwa, Murray akaingia na chupa mbili kwapani, uso umemchangamka kwa upepo wa nje. Aliwatazama mmoja mmoja. "Mbona kimya? Mlikuwa mnanisengenya?"

Wote wakacheka, na Damir akacheka zaidi ya wote. Tonka alimjazia mkwewe viazi na mboga ingawa alikuwa amekwisha kusema ameshiba, na alipomwekea sahani mbele hakumtazama usoni.

Njiani kurudi nyumbani Neda alijiambia kwamba angesubiri siku nzuri ya kulizungumza. Siku nzuri haikuja, ikaja bahasha.

*

Pale Port Lincoln, mji wa wavuvi kusini mwa Australia, hakukuwa na mtu asiyejua kwamba jina la kampuni lilikuwa la Šime lakini kiwanda kilikuwa cha Neda. Yeye ndiye aliyewaajiri wapasua samaki, yeye ndiye aliyepigana na wakaguzi wa serikali, yeye ndiye aliyekaa na wanunuzi kutoka Japani wakabishana juu ya mafuta ya tumbo la jodari mpaka bei ikakubalika. Damir alikuwa mtu wa Adelaide, wa majengo na mikopo. Alipokuja kiwandani alivaa viatu vya ngozi na kulalamika juu ya harufu. Neda hakumwonea kijicho. Nusu ni nusu, alijiambia, na mwenye kuijua kazi ni mimi.

Bahasha ilipofika, Murray aliisoma amesimama jikoni, miwani kwenye ncha ya pua. Kabati za jiko lile alizitengeneza yeye, likizo baada ya likizo. Sakafu aliipiga randa akiwa magotini.

"Hapa wanasema nyumba hii si yetu."

"Haijawahi kuwa yetu, Murray. Ni ya amana ya familia, ule mfuko wenye mali zote. Ulijua."

"Nilijua ni ya baba yako. Kujua na kutia sahihi si kitu kimoja." Alifunua kurasa. "Na sakafu? Na hizi kabati? Ahaa, wamekumbuka. Maboresho yoyote yaliyofanywa na mume yalikuwa zawadi. Zawadi kwa nani, Neda? Kwa Damir?"

"Hayo ni maneno ya mawakili tu. Ni karatasi."

"Kama ni karatasi tu, mwambie mzee hapana."

"Siwezi kumwambia hapana! Unaelewa anachonipa? Nusu ya kila kitu. Tutatulia. Binti yako Bridie atasoma bila kufanya kazi kwenye baa. Vyote vitakuwa vyetu."

"Vitakuwa vyako. Ndicho wanachokisema hapa kuanzia ukurasa wa kwanza."

Neda alikuwa amechoka. Kutwa nzima alikuwa akisuluhisha ugomvi wa mashine ya barafu, na simu ya Damir ilikuwa imelia mara kwa mara: vipi, amesaini? Vipi, shemeji anasumbua? Akahisi kwamba watu wote duniani walikuwa wameelewa isipokuwa mmoja huyu, amesimama na miwani yake.

"Na wewe uliingia na nini, Murray? Hebu sema. Uliingia na begi la nguo na lile gari bovu la kusukuma."

Alipolisema alitamani alirudishe. Murray hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaikunja, akaikunja na ile karatasi kwenye mikunjo yake ile ile.

"Ni kweli," alisema. "Lilikuwa la kusukuma. Na aliyekuwa akilisukuma ni wewe, huku umekufa kwa kicheko."

Akaiweka bahasha mezani. "Panga siku ya kwenda Adelaide. Nitakuja."

*

Sheria inataka kila mmoja awe na wakili wake, asiye wa mwenzake wala wa familia. Wa Murray alikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja, wa Neda ng'ambo ya barabara. Walitengana mlangoni kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Wakili wa Neda aliitwa Fenella Oates, mwanamke mfupi mwenye mafua, boksi la tishu mbele yake. Makubaliano ya ndoa waliyamaliza upesi. Chini yake kulikuwa na mkataba mwingine, mnene zaidi, kati ya Neda, wazazi wake, kaka yake na kampuni.

"Huu ndio unaoninyima raha," alisema Fenella. "Umeusoma?"

"Nimeupitia. Ni wa kuweka mambo sawa."

"Sawa kwa nani? Nisikilize. Hapa unakubali kwamba kazi yako yote ya kiwandani ilikwisha kulipwa kwa mshahara. Hapa unakubali kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuahidi sehemu ya mali iliyo kwenye amana. Je, ni kweli hakuna aliyekuahidi?"

Neda alicheka. "Baba ananiahidi tangu naota meno."

"Basi utasaini vipi kwamba hakuahidi?"

"Nikisaini kunatokea nini?"

Fenella alipenga kamasi, akaomba radhi. "Meli, kiwanda, mgawo, nyumba, vyote viko ndani ya amana. Si vya baba yako, ingawa yeye ndiye mwenye kauli juu yake. Akiondoka, kauli inakwenda kwa mtu atakayemtaja. Humu ndani sioni popote ulipotajwa wewe. Siku akibadili nia, ungeweza kwenda mahakamani ukasema nilifanya kazi maisha yangu yote kwa sababu aliniahidi, na majaji wangekusikiliza. Ukisaini hiki, umejiziba mdomo kwa mkono wako mwenyewe. Ushauri wangu ni usisaini. Rudi nyumbani, waambie waiandike nusu yako humu, kwa maneno yanayosomeka."

Neda alitoka hadi ukumbini akampigia baba yake. Nyuma ya sauti ya mzee alisikia redio na sufuria za mama yake.

"Baba, huyu wakili anasema nusu yangu haimo."

"Wakili analipwa kwa saa. Atakutisha mpaka jioni."

"Anasema nikatae."

"Neda. Nusu yako itakaa kwenye wosia. Huo mkataba ni wa amana, wosia ni wosia, kila jambo lina karatasi yake. Whitlock anajua anachokifanya, amekuwa wakili wangu tangu wewe unasoma shule." Halafu mzee akasema kwa upole, sauti aliyoitumia zamani akimfundisha kuogelea, "Unamwamini baba yako, au unamwamini mwanamke uliyemjua leo?"

"Nakuamini wewe, Baba."

"Basi yamekwisha. Mkirudi mpitie hapa, mama yako anapika pweza."

Neda alirudi ndani, akaketi, akachukua kalamu. "Wewe humjui baba yangu," alimwambia Fenella.

"Hapana, simjui," alijibu Fenella, na akampa karatasi moja zaidi ya kutia sahihi, ya kuthibitisha kwamba ameshauriwa na amekataa ushauri.

Alimkuta Murray kwenye benchi chini ya jengo, anakula mkate wa nyama kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Damir alikuwa amewawekea meza kwenye hoteli moja ya kifahari, ila Murray alisema njaa imemuuma mapema.

"Wangu aliniambia nisisaini," alisema.

"Na wewe?"

"Nimesaini. Alinitazama kama anayemwona mtu anaingia baharini na viatu."

"Asante, Murray."

"Usinishukuru. Watu wanashukuru kwa zawadi." Akakunja mfuko akautia kwenye pipa. "Twende hotelini kwa kaka yako, tusimcheleweshe."

Hotelini Damir aliinua glasi, akasema kwamba leo familia imelala salama. Murray aliagiza maji.

*

Hawakugombana tena. Hilo ndilo lililomtisha Neda. Jumapili Murray alianza kuwa na madaftari ya kusahihisha, kila Jumapili, na Mzee Šime akaacha kuuliza yuko wapi. Jioni alizungumza juu ya wanafunzi wake, juu ya simu ya Bridie kutoka chuoni, juu ya mvua. Alikuwa na adabu kama mgeni.

Mfereji wa maji juu ya paa ulitoboka, maji yakawa yanamwagika mbele ya mlango. Wakati mwingine Murray angepanda ngazi kabla ya kiamsha kinywa. Safari hii aliandika barua pepe kwenda kiwandani: Kwa wenye nyumba, tafadhali, mfereji wa upande wa bahari unavuja. Aliyeifungua alikuwa Neda, kwenye meza yake ya kazi, mbele ya karani. Aliisoma akahisi masikio yanawaka. Akamwita fundi, akamlipa kwa fedha ya kampuni, na fundi alipofika Murray alimtengenezea chai na kumshikia ngazi.

"Huu ni utoto," Neda alimwambia siku ile.

"Ni mkataba," alisema Murray. "Niliusoma vizuri."

*

Baridi ikaingia, na baridi ni msimu wa mavuno. Jodari waliotunzwa kwenye vizimba vya baharini tangu kiangazi walikuwa wamenona, meli ya Wajapani ya kugandisha ilikuwa imetia nanga ghubani, na kiwanda kilifanya kazi zamu zote. Neda alikuwa sakafuni tangu alfajiri, viatu vya mpira vimefika magotini, aliposikia kwamba kaka yake yuko ofisini.

Damir alikuwa amesimama karibu na dirisha. Kwenye kiti cha Neda alikuwa ameketi mwanamume mmoja mwembamba, koti jipya la kampuni begani likiwa bado lina alama ya mikunjo ya dukani. Alisimama upesi, akaketi tena alipoona Damir hajali.

"Huyu ni Bwana Hollis," alisema Damir. "Meneja."

"Meneja wa nini?"

Damir alimtazama Hollis, kisha sakafu. "Baba hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Amestaafu, dada. Alitia sahihi Ijumaa. Mimi ndiye mwenye kauli sasa, kwenye amana na kwenye kampuni. Tumempata mwekezaji mkubwa, wa kutufikisha mbali, lakini anataka meneja wake. Ndiyo masharti ya watu wenye fedha, wewe unawajua."

Neda aligundua kwamba maji ya samaki yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye glavu zake na kulowesha zulia. "Na nusu yangu?"

"Nusu ya nini?"

Aliuliza bila kejeli. Hilo Neda alilikumbuka baadaye: kaka yake aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui kinachozungumzwa.

"Utalipwa stahili zako zote," aliendelea Damir. "Likizo, kila kitu, kisheria kabisa. Na nyumba hakuna haraka. Mkitaka kuendelea kukaa mtakaa. Tutaangalia kodi ya sokoni, tuwapunguzie kidogo. Ninyi si wageni." Akakohoa. "Kuna jambo dogo la gari. Limo kwenye vitabu vya kampuni, na Hollis hana usafiri."

"Hata kesho inatosha," Hollis alisema, uso umemwiva.

Neda alitoa funguo mfukoni. Kwenye pete ya funguo zile palikuwa na ufunguo wa nyumbani, wa kiwandani, wa ghala la barafu na wa gari. Alianza kuutenganisha wa nyumbani, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na kucha zikateleza. Wanaume wawili walisubiri. Mwishowe Hollis alinyoosha mkono akamsaidia, akautoa ule mmoja, akamrudishia kwa heshima zote.

Alipopita sakafuni, wanawake wa kwenye meza za kupasulia waliinamisha vichwa juu ya visu vyao. Walikwisha kujua, yule meneja alikuwa amezungushwa kiwandani siku moja Neda alipokuwa baharini kwenye vizimba. Mmoja wao, Leanne, alimfuata mpaka getini akifuta mikono kwenye aproni. "Neda, nikupeleke? Gari yangu iko hapo."

"Wewe uko zamu. Rudi ndani, atakukata mshahara."

Akapanda kilima kwa miguu. Alikuwa njia nusu alipotambua kwamba bado amevaa viatu vya mpira.

*

Mzee Šime alikuwa bustanini akipogoa mizabibu, koti zito mwilini, mkasi mkononi. Alimwona binti yake kutoka mbali na hakuacha kukata.

"Umekuja kwa miguu," alisema.

"Gari limechukuliwa."

"Damir ana haraka. Ningemwambia asubiri."

"Baba, uliniahidi nusu."

"Na nusu utapata. Imo kwenye wosia, ina sahihi yangu na mashahidi. Nusu ya vyangu, wewe na Damir, sawa kwa sawa. Mimi si mwongo."

"Vyako ni vipi?"

Mkasi ulikata, tawi likaanguka. "Saa hii. Kibanda kule Coffin Bay. Na kilichobaki benki, kama mama yako hajakimaliza."

"Na meli? Na kiwanda? Na mgawo?"

"Hivyo si vyangu. Ni vya amana." Alinyoosha mgongo kwa taabu, akamwonyesha kiti cha mbao chini ya ukuta, na Neda akaketi. "Mimi mwenyewe sina kitu, mwanangu. Hata kiti hicho ulichokalia ni cha amana."

Neda alimtazama. Alikuwa akitafuta alama yoyote ya utani katika uso ule alioujua kuliko wake.

"Siku ile nilipokupigia kutoka kwa wakili. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia nikuamini."

"Ningekwambia nini? Mwekezaji alitaka midomo yote ifungwe kwanza, ndipo alete fedha. Wako ndio uliokuwa mkubwa." Akaanza kuongea kwa haraka, kama mtu aliyejifunza maneno yake kwa siku nyingi. "Nikikata vipande viwili mtapelekana mahakamani, mawakili watakula mgawo wote. Nimeona nyumba ngapi hapa mjini zikiisha hivyo! Mali hii lazima ikae mkono mmoja. Damir ana mwana, Roko. Roko ni Dražić. Bridie ni Pascoe kama baba yake, na watoto wake watakuwa nani, Mungu ndiye ajuaye."

"Damir hajui hata jodari anakatwa wapi."

"Atajifunza. Au atamlipa anayejua."

"Mimi nilijua bure."

"Bure? Nilikulipa mshahara kila mwezi, Neda. Umesaini kwamba nilikulipa."

Upepo wa ghubani uliwapiga wote wawili. Neda alifunga koti lake, akauliza swali alilokuwa amelibeba njia nzima ya kilima.

"Kama hukuwa na nia ya kunipa kitu, Murray ulimsainisha ya nini? Alikuwa anachukua nini kwangu, kama mimi sina? Kwa nini ulinifanya nimburute mume wangu mpaka Adelaide?"

Mzee aliacha kukata. Aliugeuza mkasi mkononi, akaufuta kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza macho yake yalihama.

"Hilo lilikuwa wazo la Damir," alisema. "Alisema ukiwa unahangaika kumsainisha Murray, hutapata nafasi ya kusoma ya kwako. Tena Murray ni msomaji. Mkiwa hamko sawa, usingemwonyesha."

Neda alisikia maneno hayo yakiingia moja moja. Aliinuka. Mlangoni mwa jiko mama yake alikuwa amesimama na taulo ya vyombo, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana alikuwapo tangu mwanzo.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Nilisaini wangu siku moja kabla yako," alisema Tonka.

"Wako?"

"Whitlock alikuja nao hapa hapa. Nitakaa humu mpaka nife, imeandikwa. Lakini si yangu. Hakuna kilicho changu." Aliikunja taulo mara mbili, akaikunjua. "Nikamuuliza baba yako, na Neda je? Akasema Neda ana mume. Njoo ndani ule kwanza, mwanangu, umekauka kwa baridi."

Neda hakuingia. Alipofika getini alimsikia baba yake akianza tena kukata.

*

Murray alikuwa ametoka shule alipomwona mkewe anaingia. Alimkalisha, akapiga magoti, akamvua viatu vya mpira, kimoja kimoja, akamletea soksi zake mwenyewe. Neda alimwambia yote pale pale, hata lile la msomaji. Alipofika hapo Murray alitikisa kichwa taratibu.

"Walinikadiria sawasawa," alisema.

Fenella Oates aliandika barua, Whitlock akajibu, Fenella akaandika nyingine. Hatimaye alimpigia Neda akamwambia ukweli kwamba kila mlango anaougusa amekuta sahihi ya Neda imeufunga, na kwamba kuendelea ni kumlia fedha zake bure. Neda alimshukuru. Alikuwa wa kwanza katika shauri lote lile kumwambia jambo bila kumficha kitu. Kampuni nyingine ya jodari, ng'ambo ya gati, ilimpa kazi ya kuongea na Wajapani. Mzee Šime alipopata habari alituma ujumbe kupitia Tonka kwamba binti yake amemwaibisha mjini. Kodi aliyoitaja Damir, hata ilipopunguzwa, ilizidi mshahara wa mwalimu. Murray akapata nyumba ya kupanga nyuma ya shule, vyumba viwili, jiko la bati.

Walihama mwisho wa msimu, Jumapili, siku ambayo huko kilimani kwa Mzee Šime wengine walikuwa mezani. Murray aliifungia bisibisi yake kwenye sanduku la zana bila kugusa hata bawaba moja ya kabati. Neda alimwona akipitisha kiganja juu ya mbao, mara moja tu, kama mtu anayehakiki kazi ya fundi mwingine, kisha akaondoka.

Yeye alikuwa akisafisha droo. Chini kabisa alikuta ile bahasha. Aliitoa karatasi, akaitazama sahihi ya mumewe, herufi zilizosimama vizuri za mtu anayeandika ubaoni, na yake pembeni, imekimbia.

"Murray."

Alikuja na boksi la vyombo mikononi.

"Tuichane hii," alisema Neda. "Fenella anasema inabidi kuandika nyingine ya kuifuta, lakini sijali. Tuichane sisi wenyewe, hapa. Haina kitu ndani yake sasa."

Murray aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama yeye. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Neda angefurahi kama ingekuwapo.

"Ungeniambia hivyo kitu kilipokuwamo," alisema.

Akaliweka boksi sawa mikononi ili sahani zisigongane, akatoka nalo kwenda kwenye gari, na akauacha mlango wazi kwa ajili yake.